Tangazo la Jumanne

Juzi nilifungua tochi ya mwanangu iliyokuwa imelala kabatini tangu masika, nikakuta betri zimevuja. Ile harufu ikanipiga puani, harufu ya chuma na chumvi na kitu kilichoanza kuoza, nikajikuta nimekaa kitako sakafuni. Mwanangu akauliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nimerudi Kasanda mara moja, nakuja.

Wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Zamani betri hazikutupwa hivihivi. Zikichoka zilianikwa juani, zikipata joto zinarudishwa, na redio inaongea tena siku mbili tatu kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Kwetu zilianikwa juu ya jiwe la kunolea mapanga, na kazi ya kuzigeuzageuza kama dagaa ilikuwa yangu. Mwaka ule kazi zote za redio zilikuwa zangu.

Nilikuwa na miaka minane, labda tisa. Kasanda wakati huo ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Kibondo. Chungu cha maharage kilikuwa kimenipindukia mguu wa kulia, kuanzia goti hadi vidole, nikaikosa shule karibu muhula mzima. Kaka yangu Eliya alikuwa bweni Kasulu. Baba na mama walishinda shambani, kule bondeni, wakitoka asubuhi na kurudi jua limeegemea mlima. Mimi nilibaki uani na mdogo wangu Rahabu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatambaa, pamoja na maharage ya kuchambua, kuku wa kufukuza, na redio.

Redio yenyewe ilivaa koti la ngozi alilolishona fundi viatu wa sokoni, likiwa na matundu ya kutolea sauti. Ilining'inia kwenye msumari wa nguzo ya baraza. Antena yake ilikatika kabla sijazaliwa, kwa hiyo baba aliiunga waya wa shaba uliopanda hadi juu ya mparachichi. Ikitolewa pale ilinyamaza, ndiyo maana baba hakuweza kwenda nayo shambani. Na jioni, jua likishazama, redio za ng'ambo zilituvamia kwa Kirundi na Kifaransa, ya taifa ikabaki inakohoa tu. Kama ulitaka kuisikia vizuri, ilikupasa uwe nyumbani mchana, na nyumbani mchana nilikuwepo mimi.

Nadhani sijawahi kupata shule nzuri kuliko ile. Saa kumi na mbili asubuhi zililia ngoma, ikafuata sala, kisha taarifa ya habari. Msomaji wa habari alikuwa na sauti nzito, nami niliamini kwamba ni yeye anayepanga mambo yatokee. Anaamka, anafikiri kidogo, anasema Rais leo atafungua daraja, na Rais anatii. Baada yake alikuja bwana wa hali ya hewa, ambaye mama alikuwa na ugomvi naye wa kudumu. Akitaja mvua katika mikoa ya magharibi, mama anamjibu huku jembe liko begani, "Jana ulisema hivyohivyo, tukaanua mihogo bure. Muongo we!"

Saa tatu kilikuwa kipindi cha mashuleni. Mwalimu wa redio aliuliza swali, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Vizuri sana!" Nilikuwa najibu kwa sauti ya juu, nimesimama kwa mguu mmoja, na sikuwa na shaka yoyote kwamba ananisikia. Siku nilizokosea naye akasema "vizuri sana", nilichukulia kwamba ameniona mgonjwa akanihurumia. Saa nne akaja bwana shamba na mkulima mmoja mbishi aliyekuwa hakubali mbolea. Saa tano kikaja kipindi cha akina mama, uji wa lishe na chanjo, nikawa nampakata Rahabu na kukaa vizuri kama tuko kliniki. Kisha salamu za wasikilizaji, watu wa Lindi wakiwasalimu watu wa Bunda, kila mmoja na ujumbe wake, nami nikazimeza methali zote bila kuzielewa. Kisha mchezo wa kuigiza, ambao ulinifanya niunguze viazi mara mbili. Na saa saba, baada ya habari, yalikuja matangazo.

Hapo sauti ilibadilika, ikawa ya polepole kama ya mtu anayetembea kwenye utelezi. Walianza na vifo, fulani wa Singida anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Kisha waliopotelewa na vyeti, kisha wanaotafutwa. Kwa mtoto yalikuwa yanachosha kama foleni ya kisima.

Jioni baba akirudi alikaa kwenye jiwe la kuogea miguu, mama akammiminia maji, naye akasema, "Haya, Mtangazaji, tuletee." Mimi nasimama mbele yake, mikono nyuma, nasoma siku nzima. Nilikuwa nabadilisha sauti, nakuwa yule wa habari, nakuwa bwana shamba, nakuwa yule mkulima mbishi. Baba hakuwa mtu wa kucheka hovyo, alikuwa mzee wa kanisa na mkimya, lakini kwa yule mkulima alikuwa anatikisika mabega. Mwisho kabisa aliuliza, kila siku, "Na matangazo? Kuna wa kwetu?"

"Hakuna, baba."

"Haya."

Mwanzoni nilikuwa namtajia majina yote. Baadaye ikafupika, likabaki swali lile na jibu lile, ili nipate kuwahi chakula. Niliamini kwamba baba anaogopa vifo, na kwamba nikisema hakuna wa kwetu nimempa zawadi. Uso wake ulipoinama nilidhani ni uchovu wa jembe.

Hapa inabidi nieleze jambo la kwetu. Kwetu majina ya wakubwa hayatamkwi ovyo. Mke hatamki jina la mume, wala la mkwe, hata neno linalofanana nalo atalipitia pembeni. Watoto nao vivyo hivyo. Baba alikuwa Baba Eliya kwa mama, kwa majirani, kwa muuza chumvi. Kanisani aliandikwa Yakobo, jina alilobatizwa nalo ukubwani papa hapa Kasanda, na ndilo lililokuwa kwenye vyeti vyake. Kama alikuwa na jina jingine, mimi sikujua, na wala sikujua kwamba kuna kitu sikijui. Kwangu mimi alizaliwa akiwa Baba Eliya.

Niliyoyajua baadaye ni haya. Baba alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa kijana, akapitia upande wa Munanila, katika watu wengi waliokuwa wanakimbia. Aliwashika mkono mama yake na dada yake, na kabla ya mto mkono ukaachia. Wengine walichukuliwa na malori wakapelekwa makazi ya mbali huko kusini. Yeye alibaki huku juu kwa Waha, lugha ikiwa karibu ileile, akalima kibarua, akapewa shamba, akaoa. Miaka mingi aliogopa kuuliza, asije akaulizwa yeye ametoka wapi. Akanunua redio. Alifikiri, kama wako hai, siku moja watanitangaza. Mama alilijua hilo. Mimi, niliyepewa kazi ya kusikiliza, sikuambiwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Nilikuwa mkekani nachambua maharage, na mtangazaji, ambaye bila shaka alikuwa mtu wa pwani, akafika kwenye jina akaliparamia kama ukuta, akateleza, akaomba radhi, akalirudia. Ntirampeba, mwana wa Barutwanayo, popote alipo, anaombwa na dada yake Debora afike bila kukosa, mama yao mzazi ni mgonjwa sana. Nilicheka. Nilifurahi kumsikia mtu mzima wa redioni akishindwa na jina ambalo mimi ningelisema usingizini. Nikalisema kwa sauti, kumsaidia. Papo hapo jogoo wa jirani akapanda mkekani, nikaruka kumfukuza.

Jioni baba akaniuliza, "Kuna wa kwetu?"

"Hakuna, baba."

Sikudanganya. Hadi leo naweza kuapa mbele ya mtu yeyote kwamba sikudanganya. Wa kwetu walikuwa watu wa Kasanda na watu wa kanisani, na Ntirampeba hakuwa mmoja wao. Nikasema hivyo tena Jumatano, na Alhamisi, na Ijumaa, na Jumamosi.

Jumapili baada ya ibada watoto wa jirani walikuja kucheza kwetu, kwa kuwa mimi sikuweza kwenda kwao. Tulicheza redio. Nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, gunzi la hindi mdomoni, nikawasomea habari, nikawapa salamu, wote wamekaa chini wamenisikiliza kwa adabu. Nilipofika kwenye matangazo nilitaka jina zuri, lenye uzito. Nikavuta pumzi, nikasema, "Ntirampeba, mwana wa Barutwanayo, popote alipo..."

Baba alikuwa anatoka nyuma ya nyumba, bado na koti lake la kanisani. Akasimama.

"Rudia," akasema.

Nilidhani nimekosa. Wenzangu wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja.

"Keziya, rudia ulivyosema."

Nikarudia, kwa sauti ndogo sasa. Nilipofika kwa dada yake Debora, baba alinyoosha mkono akashika nguzo ya baraza. Mama alitokea jikoni na mwiko, akamtazama baba, akautazama mdomo wangu, akauachia mwiko ukaanguka.

"Umelitoa wapi jina hilo?"

"Redioni, baba."

"Lini?"

"Jumanne."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele. Alichuchumaa mbele yangu hadi macho yetu yakawa sawa, akasema kwa Kiswahili chake kile cha kuvutavuta, "Mwana wanje, mwanangu, huyo mtu ni mimi. Huyo mama ni nyanya yako. Sasa niambie, walisema afike wapi?"

Na hapo, wasomaji wangu, kichwa changu kikawa cheupe. Mimi, niliyekuwa nazijua salamu za watu wa Lindi kwa moyo. Nilimwona dada, nilimwona mama mgonjwa, nilisikia "bila kukosa", na baada ya hapo hakukuwa na kitu. Nikaanza kulia.

"Usilie. Anza asubuhi," akasema baba. "Saa kumi na mbili. Ngoma zimelia. Halafu?"

Nikaanza. Sala, habari, waziri amezindua kisima. Bwana wa hali ya hewa, mvua, mama kumtukana. Kipindi cha mashuleni, mito mikubwa ya Tanzania. Baba alikuwa anaitikia kila kipindi kwa kichwa, kama mtu anayetembea nyuma yangu kwenye njia ya porini kutafuta sindano iliyodondoka. Bwana shamba, viwavi. Akina mama, karanga katika uji. Salamu. Mchezo. Habari. Matangazo. Nikafika kwa Debora, nikafika kwa mama yao mzazi ni mgonjwa sana, nikakwama palepale.

"Rudi nyuma. Anza tena."

Nikaanza tena, nikakwama tena. Mara ya tatu mama akasema, "Baba Eliya, mwache mtoto, utamtia wazimu."

"Sina mwingine wa kumuuliza," baba akajibu. Akanigeukia. "Mwili wako ulikuwa unafanya nini wakati huo?"

"Nilikuwa nachambua maharage."

"Hapo?"

"Hapo. Halafu akaja jogoo, nikasimama kumfukuza."

Baba akatazama uani. Jogoo hakuwepo, na kuku wetu walikuwa wamelikimbia jua. Basi akavua koti, akalikunja, akampa mama. Akachukua ungo akamwaga maharage mkekani. Kisha baba yangu, mzee wa kanisa, mtu ambaye watu wazima walimvulia kofia, akachuchumaa pembeni ya mkeka, akaweka mikono nyuma kama mabawa, akainamisha kichwa, akaanza kudonoa.

"Kokoko," akasema. "Kaa chini. Chambua. Redio inasema. Ntirampeba, anaombwa na dada yake..."

Rahabu akaangua kicheko pale alipokuwa ameketi. Mimi sikucheka. Nilichambua maharage, nikasema yale maneno, na baba akaingia mkekani kwa magoti akidonoa, nami nikaruka kwa mguu mmoja, mgongo nikiupa baraza, nikapiga makofi, "Shh! Shh! Toka!" Na kutoka nyuma ya mgongo wangu, pale msumarini, redio ikiwa imezimwa, nikaisikia ile sauti ya polepole ikimalizia. Nikaifuata neno kwa neno. "Nyumbani kwa mchungaji, kijiji namba nane, makazi ya Mishamo, wilaya ya Mpanda."

Baba hakuinuka. Alibaki amechuchumaa katikati ya maharage, kiganja usoni. Mama akasema, "Imana ishimwe," Mungu asifiwe, akakaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Jumatatu kabla jua halijatoka vizuri baba aliondoka kwa baiskeli ya jirani hadi Kibondo, na kutoka Kibondo kwa malori, Kasulu, Uvinza, na kule kwenye msitu ambako hata lori linaomba Mungu. Hakuwa na simu, nani alikuwa na simu? Tulikaa bila habari zake zaidi ya wiki mbili. Mimi niliendelea na kazi yangu, na sasa niliyasikiliza matangazo nikiwa nimesimama, sauti hadi mwisho, betri zikaisha, nikazianika, zikaisha tena. Kila alipotajwa marehemu moyo ulinidunda mpaka jina lipite.

Alirudi siku ya soko, amekonda, vumbi hadi kwenye nyusi. Nilimrukia kwa mguu wangu mbovu. Sikumsalimu hata. Nikamwuliza, "Baba, ulimkuta?"

Akaniinua, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu niote meno. Akasema, "Nilimkuta."

"Alisema nini?"

"Alisema mtoto wa redio ana masikio mazuri. Amekusalimu sana." Akaniweka chini. "Halafu alilala. Tumemzika. Amelala vizuri."

Nililia kidogo, kwa ajili ya nyanya nisiyemjua, lakini ukweli ni kwamba nilivimba kichwa. Nilikuwa nimempatanisha mtu na mama yake kwa kinywa changu. Shuleni niliporudi nilisimulia. Nilisimulia siku ya kipaimara, nilisimulia nilipokuwa chuo cha ualimu, nilisimulia kwenye harusi yangu mwenyewe nikiwa na shela kichwani. Mimi ni msemaji, mume wangu anasema nilizaliwa nimeshika kipaza sauti, na hii ndiyo ilikuwa hadithi yangu bora. Shangazi Debora alikuja kututembelea, mara ya kwanza baada ya miaka miwili hivi, kisha kila alipopata nafasi. Alikuwa mtu wa maneno machache kwangu. Nilidhani ndivyo alivyo.

Baba alifariki mwaka jana, amekwisha kuwa raia kwa cheti, mzee mwenye wajukuu kumi na mmoja. Matangani waliniomba nisome historia ya marehemu. Nikaisoma, na nilipofika pale pa Kasanda nikaliweka daftari kando nikasimulia kwa mbwembwe zangu zote, na watu wakacheka huku wanalia, kama inavyofaa msibani. Shangazi alinyanyuka akatoka nje ya turubai.

Kesho yake asubuhi nilimkuta nyuma ya jikoni anamenya ndizi. Nikachukua kisu nikakaa naye. Tulimenya mpaka sufuria ikakaribia kujaa.

"Keziya," akasema, "mimi ni mzee sasa. Aliyenikataza amelala, na mimi sitaki kwenda nacho kitu hiki. Mama yetu tulimzika Jumanne. Baba yako alifika Alhamisi."

Niliendelea kumenya. Nakumbuka niliendelea kumenya, ganda likawa jembamba sana.

"Alifariki alfajiri ya Jumatatu," shangazi akasema. "Jumamosi alikuwa bado anaongea. Aliomba uji, akauliza kama mlangoni kuna mtu. Jumapili hakuongea tena."

Ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili, na mimi nafundisha darasa la pili. Kutoka Kasanda hadi Mishamo siku nne. Angeondoka Jumatano, angefika Jumamosi.

"Alikaa kaburini tangu alipofika mpaka giza likaingia," shangazi akaendelea. "Akaniuliza tangazo lilisomwa siku gani. Nikamwambia Jumanne, sisi wenyewe tulilisikia. Akahesabu kwa vidole, hivi. Halafu akatueleza habari yako, ulivyokuwa unajibu hakuna, hakuna. Mimi nilimwambia, huyo mtoto apigwe! Ndivyo nilivyosema, sikufichi. Miaka miwili sikutaka kuja kwenu kwa sababu yako, niliona nitakutazama vibaya. Yeye akasema, 'Debora, mtoto huyo hana kosa lolote, alinyimwa jina langu. Nikifika nyumbani nitamwambia nilimkuta mama. Na wewe utasema hivyohivyo, na mke wangu pia.'"

Nikauliza kama mama yangu alijua. Shangazi akainua macho akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga, lakini kwa huruma.

Sitaki kujifanya kwamba nililipokea vizuri. Kwanza nilimkasirikia baba. Huyu ndiye mtu aliyenichapa mara moja tu maishani mwangu, na alinichapa kwa ajili ya uongo, uongo mdogo wa sukari. Niliona ameniacha nijifanye kichekesho mbele za watu miaka thelathini, nikijisifia siku tano ambazo ndizo zilizomnyang'anya mama yake. Hasira hiyo ilikaa nami hadi turubai likashushwa na wageni wakaondoka. Ikaniishia polepole, na kilichobaki ni kitu ambacho bado kinanijia nikiwa katikati ya somo, mbele ya watoto, nikalazimika kugeukia ubao.

Kwa sababu mimi ni msemaji, ndiyo, lakini si kila mara nilianza mwenyewe. Nikikumbuka vizuri, nilianza mwenyewe mara chache sana. Ilikuwa hivi: wageni wakishakula, wakishanawa mikono, maongezi yakianza kupoa, baba alikuwa anajisogeza kwenye kiti chake, ananitafuta kwa macho kati ya watoto wote, anasema, "Keziya, wasimulie hawa ulivyonipatia mama yangu." Kisha anasikiliza, mwanzo mpaka mwisho.